Jozi moja kwa mwezi: kufuma soksi ukiwa na kazi ya ofisini na mazoezi

Mimi ni mhasibu hapa Arusha. Naishi upande wa Ngaramtoni, ambako ikifika Juni na Julai mtu halali bila soksi. Kila mwezi nina tarehe mbili zisizo na huruma: tarehe 7, ambapo kodi ya mishahara inatakiwa iwe imeshalipwa, na tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT. Katikati ya hizo nakimbia mara tatu kwa wiki, na mwisho wa mwezi ninakuwa na jozi moja ya soksi niliyofuma mwenyewe.

Huwa naulizwa muda naupata wapi. Muda ni uleule wa kila mtu, na saa nne usiku huwa nimeshalala. Nilichokuja kukielewa, baada ya kufumua soksi nyingi kuliko nilizomaliza, ni kwamba soksi haidai kitu kilekile kuanzia juu mpaka chini. Sehemu yake kubwa mkono unaifuma peke yake huku wewe ukiongea, ukisikiliza redio, hata ukisinzia kidogo. Halafu kuna kisigino, ambacho kinataka kichwa kizima. Nilikuwa nafuma kisigino usiku wa tarehe 6 na shingo ya soksi, ile sehemu ya juu ya kisigino, Jumamosi asubuhi nikiwa mzima kabisa. Nilikuwa nimepanga kinyume.

Mwongozo huu ni kwa anayejua tayari kuanzisha vitanzi kwenye sindano na kufuma kitanzi cha kawaida na cha kinyume. Kama hujui, tafuta mama, shangazi au jirani anayefuma sweta za watoto. Jumamosi mbili zinatosha.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla hujanunua uzi

Soksi ya mtu mzima, yenye vitanzi 64 kwa mzunguko na shingo ya sentimita 15, inakula vitanzi kama 10,000. Nimezihesabu zangu: shingo peke yake inazidi 4,000, kisigino ni 1,200 na ushee, na kilichobaki ni wayo na ncha. Jozi basi ni kama 20,000. Mfumaji wa kawaida asiye na haraka anafuma vitanzi 20 kwa dakika. Gawanya, utapata dakika 1,000, yaani karibu saa 17.

Usiogope hiyo namba. Saa 17 ni dakika 40 kwa siku kwa siku 25. Ila ni vizuri uijue, maana wengi wanaanza soksi Jumatatu wakitegemea kumvisha mtu Ijumaa, kisha wanaacha mazoezi na usingizi kwa ajili ya kisigino, na ikifika mwezi wa pili wamechukia vyote vitatu. Jozi moja kwa mwezi inatosha. Ukikazana kwenda mbili, kitu kingine kitalipia, na mara nyingi kinacholipia ni mazoezi, kwa sababu hayo hayana bosi wa kuyadai.

Hatua ya 2: Uzi na sindano

Uzi maalumu wa soksi huuzwa katika mafundo ya gramu 100 yenye urefu wa karibu mita 400, kwa kawaida robo tatu sufu na robo nailoni. Fundo moja linatosha jozi. Shida ni kwamba kwetu haupatikani kila duka, na ukiagiziwa kutoka nje bei yake inakatisha tamaa. Nyuzi nyingi za madukani ni za akriliki; zinafaa kofia na sweta za watoto, lakini mguuni zinatunza jasho na kuteleza ndani ya kiatu.

Mimi nanunua mitumba. Sweta moja ya sufu ya mtu mzima ina uzi wa soksi jozi mbili au tatu, na kwenye mafungu ya soko la Kilombero, au ukishuka Moshi kule Kiboroloni, sweta nyembamba za sufu hazigombaniwi kama suruali za jinzi. Angalia mambo matatu kabla hujalipa.

Kwanza, geuza sweta ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa overloki, iache hapohapo, hata iwe nzuri namna gani. Ukiifumua utapata vipande vifupi vya uzi, kila kimoja sawa na upana wa sweta, si uzi mmoja mrefu. Unachotafuta ni sweta ambayo kila kipande kilifumwa kikiwa na umbo lake, kisha vipande vikaunganishwa kwa mshono unaoweza kukatika.

Pili, lebo. Mara nyingi imekatwa au imefutika. Ukifika nyumbani chomoa kipande kidogo cha uzi ukichome kwa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Fanya hivyo juu ya sinki, si juu ya kitambaa cha meza kama nilivyofanya mimi.

Tatu, unene. Zungushia uzi kwenye rula bila kuvuta. Mizunguko 14 mpaka 18 ikienea katika sentimita 2.5, uzi unafaa soksi. Ikizidi hapo ni mwembamba mno. Unaweza kuunganisha nyuzi mbili.

Kufumua ni kazi ya kufanya mbele ya taarifa ya habari. Uzi utatoka umejikunja kama tambi za dukani. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usichanganyikiwe, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kisha uuanike ukiwa na kitu kizito kidogo chini. Kesho yake umenyooka. Kwa kuwa uzi huu hauna nailoni, ukifika kwenye kisigino na ncha shika pamoja nao uzi wa cherehani wa polyesta wa rangi inayofanana. Usipofanya hivyo, msimu mmoja tu kisigino kitatoboka.

Sindano zinazotakiwa ni seti ya tano zenye ncha pande zote mbili, unene wa milimita 2 hadi 2.5. Zisipopatikana, fanya walivyofanya wengi kabla yetu: spoki za baiskeli. Fundi atakukatia tano za sentimita 20 kila moja. Ncha zisugue kwenye jiwe, halafu msasa laini, mpaka ukizipitisha kwenye soksi ya nailoni hazikwami. Shangazi yangu alifuma kwa spoki maisha yake yote, na nilipomletea sindano za dukani alizijaribu jioni moja akanirudishia. Alisema ni nyepesi, hazimwambii zilipo.

Hatua ya 3: Pima mguu

Fuma kwanza kipande cha majaribio cha kama sentimita 10 kila upande. Hesabu vitanzi katika sentimita 10 za katikati. Mimi napata 32, yaani 3.2 kwa sentimita.

Zungushia futi ya fundi kwenye sehemu pana ya wayo, chini kidogo ya vidole. Tuseme ni sentimita 22. Soksi lazima iwe ndogo kuliko mguu kwa kama sehemu moja ya kumi, la sivyo itashuka na kujikusanya kwenye kiatu. Kwa hiyo sentimita 20, mara 3.2, ni 64. Namba yako ikiwa haigawanyiki kwa 4, isogeze mpaka igawanyike. Urefu wa wayo nao upunguze sentimita moja.

Andika namba hizi kwenye karatasi uiweke ndani ya mfuko wa kufumia. Kichwa chako kimejaa namba za watu wengine, usikiamini.

Hatua ya 4: Mazoezi yanatangulia, siku zote

Hapa sina mjadala. Kufuma ni kukaa, kazi ya uhasibu ni kukaa, na daladala ni kukaa ukibahatika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Zangu ni hizi: Jumanne dakika 40, Alhamisi dakika 40, Jumamosi dakika 70. Jumla 150. Mara mbili kwa wiki naongeza robo saa ya kuchuchumaa na kupiga pushapu chumbani.

Utaratibu wangu ni kwamba siku ya kukimbia sindano hazitoki kwenye mfuko mpaka nimeshakimbia. Nakimbia alfajiri, kwa hiyo jioni ni halali. Siku niliyolala nikapitiliza, jioni nakimbia kwanza, hata kama ni dakika 20 za kuzunguka mtaa. Nilishajaribu kinyume chake, "nimalize mizunguko mitano tu nitoke." Hakuna mfumaji aliyewahi kufuma mizunguko mitano tu.

Je, vyote viwili haviwezi kwenda pamoja? Wanawake wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, zamani walitembea na vikapu vya udongo wa mboji uliokaushwa, unaochomwa kama kuni, mgongoni huku wakifuma, sindano moja ikiwa imekazwa kwenye mkanda kiunoni. Nikahamasika. Nikatembea nikifuma barabara ya kwetu asubuhi moja, nikapigiwa honi na bodaboda tatu, na mtoto wa jirani akamwita mama yake aje aone. Sikurudia.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa linaulizwa: soksi hizi usikimbilie mbali. Ni za ndani, za buti, za ofisini siku ya baridi. Kwa mbio ndefu zinakuwa nene, na mshono wa ncha unaweza kukuchuna kidole.

Hatua ya 5: Kila sehemu ya soksi na saa yake

*Shingo* ni ya foleni na mikutano. Anzisha vitanzi 64 vilivyolegea kidogo, vigawe kwenye sindano nne, 16 kila moja, na ya tano ndiyo ya kufumia. Sentimita 5 za kwanza fuma viwili kawaida, viwili kinyume, ili ibane. Baada ya hapo ni kitanzi cha kawaida tu, unazunguka, unazunguka, kwa sentimita 10. Hii ndiyo sehemu ya kubeba kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Mimi nakula kwa dakika 25, natembea kwa 10, na zinazobaki ni za soksi. Mikutano ya mtandaoni pia, ile ambayo jina lako limewekwa kwenye orodha kwa heshima tu. Lakini muulize bosi kwanza. Wangu alinitazama, akasema, "Dada, ilimradi usikie unachoulizwa." Mikutano ya wakaguzi siendi nayo.

Kwenye daladala, fuma mkiwa bado stendi mnasubiri gari lijae. Gari likiondoka, sindano ndani. Dereva akikanyaga breki ghafla na una spoki tano mkononi, atakayeumia huenda si wewe. Chomeka vizibo kwenye ncha.

*Kisigino* ni cha Jumamosi, nikishakimbia, nikaoga, chai iko mezani na simu iko chumbani. Kichwa baada ya mbio ndefu kinakuwa kimetulia kwa namna ambayo Jumatano usiku hakiwezi. Kinachukua kama saa moja hadi moja na nusu, na ni afadhali ukimalize kwa kikao kimoja.

Chukua vitanzi 32, nusu ya soksi; hivyo vingine viache vipumzike kwenye sindano zao. Fuma kwenda na kurudi mistari 32. Mstari wa mbele: hamisha kitanzi kimoja bila kukifuma, fuma kinachofuata, hivyohivyo hadi mwisho. Mstari wa nyuma: hamisha cha kwanza, vilivyobaki fuma kinyume. Kitambaa kitakuwa kinene, na ndicho kinachotakiwa.

Sasa kugeuza, pale ambapo watu wengi hulia. Fuma vitanzi 18, fuma viwili pamoja, fuma kimoja, geuza kazi ingawa mstari haujaisha. Hamisha kimoja, fuma vitano kinyume, viwili pamoja kinyume, kimoja kinyume, geuza. Utaona pengo dogo kila upande ulipogeuzia. Kuanzia hapa usihesabu, fuata pengo: hamisha cha kwanza, fuma mpaka kibaki kitanzi kimoja kabla ya pengo, kiunganishe na kilicho ng'ambo, fuma kimoja, geuza. Mistari miwili ya mwisho haitakuwa na kile kimoja cha kumalizia, ni sawa. Vitabaki 18, na mkononi mwako kutakuwa na kikombe kidogo chenye umbo la kisigino. Nimefuma vingi, na bado kila kimoja nakivisha kidole gumba nikitazame.

Malizia kwa kuokota vitanzi 16 ubavuni kila upande, urudi kwenye kuzunguka na vile 32 vilivyokuwa vimepumzika. Jumla 82. Kila mzunguko wa pili punguza viwili, kimoja kila upande wa kisigino, mpaka virudi 64. Ni mizunguko 18. Hapo unaweza kuirudisha soksi kwenye mfuko wa kazini, ila chomeka pini kila unapopunguza ujue umefika wapi.

*Wayo* ni kama shingo, hauna la kusema. Simama ikibaki kama sentimita 5 kufikia urefu wako.

*Ncha* ni ya jioni ya katikati ya wiki, dakika 40 hivi. Punguza vinne kila mzunguko wa pili, viwili kila ubavu, hadi vibaki 32. Kisha kila mzunguko hadi vibaki 16. Vigawe nane kwa nane uvishone kwa sindano butu.

Hatua ya 6: Mikono

Kompyuta kutwa nzima, pushapu, halafu sindano: ni misuli ileile ya mkono inayofanya kazi zote tatu. Siku ya pushapu mimi sifumi usiku, au nafuma dakika 15 tu. Siku nyingine, kila baada ya dakika 25 nasimama, nanyoosha mkono mbele kiganja kikitazama chini, navuta vidole taratibu kuelekea kwangu, nahesabu 20. Kisha mkono mwingine.

Ukiona kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku, acha kufuma uende kituo cha afya. Huo unaweza kuwa mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Mimi nilijifanya jasiri kwa wiki tatu, nikaishia kukaa miezi miwili bila kugusa uzi, na kalamu nayo nikaishika kwa shida.

Mara nyingi chanzo ni kukaza uzi. Ukifuma ukiwa na hasira vitanzi vinabana. Soksi yangu moja ina mkanda mwembamba katikati ya shingo. Ni wiki ambayo mteja alileta risiti za mwaka mzima ndani ya kiroba.

Hatua ya 7: Wiki mbaya

Kuanzia tarehe 3 hadi 7, na tena 17 hadi 20, mimi sina lengo lolote la soksi. Mfuko unakaa juu ya kabati. Nikipata dakika tano nafuma mzunguko, nisipopata basi. Kukimbia napunguza dakika lakini siachi siku, maana miguu ikishaachwa wiki nzima kuirudisha ni kazi kuliko soksi.

Panga mwezi kwa kuurudisha nyuma kutoka tarehe hizo. Wewe ukiwa nesi, tumia ratiba yako ya shifti; mwalimu, wiki ya mitihani. Visigino viwili vinataka Jumamosi mbili tulivu. Zitie alama kwenye kalenda kwanza, kabla ya harusi na vikao vya ukoo havijazichukua.

Hatua ya 8: Soksi ya pili

Soksi moja moja nimeziona nyumba nyingi, zimelala kwenye droo zikisubiri mwenzake. Mtu akimaliza ya kwanza anaitundika, anaipiga picha, na hamu inaishia hapo.

Dawa yangu ni ndogo. Ya kwanza ikifika mwanzo wa ncha, naihamishia kwenye kipande cha uzi, naiacha bila kufungwa. Naanzisha vitanzi 64 vya ya pili usiku huohuo. Ncha zote mbili nazifunga siku moja. Soksi isiyo na ncha haivaliki wala haipigwi picha, kwa hiyo hakuna wa kumpongeza mapema. Mama mkwe aliiona moja ikining'inia hivyo akauliza kama hiyo ni ya mtu aliyekatika vidole.